Vidole Vinne vya Mama Anifa

Mwaka umetimia, mama yetu Anifa, tangu utuache pale wodini, na bado mtu akipiga hodi mwanao Hajira huinuka kwanza akidhani ni wewe.

Shule ya yoga uliiingia kama mgonjwa. Kubeba majora ya vitambaa Kariakoo kulikuwa kumekumaliza mgongo, ukapanda ngazi hadi chumba cha Mama Shanta, juu ya duka la mapazia. Wanafunzi wake walikuwa akina mama wa Kihindi, na pumzi zilihesabiwa moja hadi nne kwa Kigujarati: ek, be, tran, char. Mgongo ukapona, wewe hukuondoka. Ukawaleta wauza nguo, mama ntilie, hata makuli wa mtaa wa Gerezani, wote kwenye mikeka ya plastiki. Mama Shanta alipozeeka aliwakabidhi darasa wewe na bintiye Krina.

Maneno hayakukosekana. Jirani yetu Bi Tatu alikuuliza kama umebadili dini. Ukamjibu, "Mgongo hauna dini, Tatu. Njoo Alhamisi." Alikuja, na mpaka leo haachi.

Sisi wanao ndio hatukuja. Tulikuwa na haraka zetu za mjini, ukatutania kwamba tunahema kama feni mbovu.

Wiki ile ya mwisho kifua kilibana, sauti ikapotea. Ukawa unainua vidole: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Nasi tuko wanne. Hajira akasema, "Mama anatutaka sote," akampigia ndugu yetu Shomari, naye akapanda basi kutoka Mtwara. Alipofika tulizunguka kitanda, tukakushika mikono. Uliichomoa, ukainua vidole tena.

Jioni akaja Krina. Alikutazama mara moja tu, akaketi, akaanza taratibu, "Ek, be, tran, char." Mkono wako ukashuka. Pumzi ikatulia, ukafumba macho, naye akaendelea kuhesabu mpaka ikakatika.

Hukuwa unatuita, Mama. Ulikuwa unaomba pumzi, na sisi tuliotoka tumboni mwako hatukujua namna ya kukupa. Hilo linatuuma mno.

Shule ipo. Baada ya arobaini yako Hajira alizipanda zile ngazi, akakaa nyuma kabisa akilia. Sasa anajua kuhesabu.

Unakumbukwa na wanao Anuari, Hajira, Shomari na Maimuna, wajukuu zako, Bi Tatu, Krina na darasa zima. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema.

Maadamu tunavuta pumzi, Mama, tutakukumbuka.