Mguno Chini ya Sakafu

Coyhaique, 4 Julai

Kwako Baba,

Kuna mguno mmoja umenikaa kichwani mwaka wa sita huu. Ni mfupi, wa chini, kama wa mtu mzima anayeinuka kitini huku kiuno kinamuuma. Wiki iliyopita niliusikia tena, na huo ndio ulionikalisha kuandika. Ila kwanza nikujulie hali. Hujambo? Miguu inasemaje? Shangazi Delfa ananiambia bado unaamka kabla yake kuwasha jiko la kuni, na kwamba kila siku mnabishana kuhusu chumvi. Nikafurahi, maana mtu anayebishana na Shangazi ana nguvu za kutosha. Mimi ni mzima. Baridi imekaza mapema mwaka huu na vidole vimenipasuka kwa chaki, lakini nakula na nalala.

Simu haitufai tena, wajua mwenyewe. Mara ya mwisho nilisema mambo matatu, Shangazi akakupazia sauti mawili, na moja kati ya hayo halikuwa langu. Na hili nililonalo sitaki lipite mdomoni mwa mtu mwingine.

Nianze na gari. Tangu Machi nafundisha hesabu na sayansi Cerro Castillo, kilomita tisini na tano kwenda, tisini na tano kurudi, na mlima uko katikati. Mwezi Juni peke yake basi dogo lilishindwa kupanda mara nne. Mkuu wa shule, Bi Otilia, ni mtu mpole. Alinimiminia chai ya mate, akasubiri niinywe mpaka mrija ukoromee, ndipo akaniambia kwamba likizo ya baridi ikiisha na bado mimi ni mtu wa kungoja basi, nafasi yangu atapewa mtu anayeishi kijijini. Akaniuliza kama naongeza maji. Nikasema naongeza.

Basi nikaanza kutafuta gari la mtumba, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nilidhani itakuwa kero. Badala yake nilikuta swali lililoninyima usingizi kwa raha: utajuaje kwamba gari ni la kutegemewa kabla halijakuangusha? Nilisoma, nikauliza, nikawasumbua watu maegeshoni. Niligundua kwamba kilomita nyingi si lazima ziwe ugonjwa. Gari lililokwenda safari ndefu, injini ikapata moto sawasawa, huweza kuwa zima kuliko lile lililowashwa asubuhi za barafu kwenda kununua mkate na kuzimwa tena. Nilijifunza kuinusa oili, kuinua zulia la buti nitafute kutu, kutazama kama kanyagio la breki limelika kuliko kilomita zinazosomeka. Mengi ya hayo nilikuwa nayajua kwako bila kujua kwamba nayajua.

Gari la kwanza nililolipenda kidogo ni la mkunga Rosalba Nahuelquín. Ameshastaafu, na macho hayamruhusu tena kuendesha. Ni gari refu la kijani, lina kilomita laki mbili na elfu thelathini, na viti vyake vinanuka kondoo. Hakulisifu hata kidogo. Aliniambia, “Mwanangu, linakunywa oili kidogo, kipasha joto kinapuliza upande wa kushoto tu, na mlango wa nyuma una kiburi. Kama unataka la kupendeza, nenda kwa Ojeda.” Halafu akanipa daftari la matengenezo ya miaka yote. Baba, kurasa tisa ni za mwandiko wako. Kwenye moja umeandika kwamba bearingi ya gurudumu la mbele itakufa kabla ya Oktoba, na chini yake yeye ameandika kwamba ilikufa Septemba. Alicheka akiniambia hukufungua hata boneti. Ulisimama barazani ukamwambia apite mbele yako mara mbili, basi.

Ukurasa wa mwisho wenye mwandiko wako una sentensi moja, umeipigia mstari: “Matairi: yote manne pamoja, au usiguse.” Nilifunga daftari nikamwambia mkunga nitafikiri. Akasema fikiri, ila usifikiri mpaka theluji ikayeyuka.

Nilikwenda kwa Ojeda kwa sababu sikuweza kukaa karibu na sentensi ile. Huo ndio ukweli. Ojeda unamkumbuka, yule wa mashine ya kupasua mbao. Gari lake ni jeupe, lina nusu ya kilomita za lile la mkunga, linang'aa kama sahani. Nilikwisha kuamua moyoni. Ila mkono wangu ukafanya ulichonifundisha: nikashusha kioo, nikakata usukani mpaka mwisho, nikaliacha lizunguke uwanja wake taratibu, injini ikipumua tu. Mzunguko wa pili likawa kama limeshikwa na mtu kwa nyuma, na chini ya sakafu nikausikia. Ule ule.

Ojeda alikuwa amesimama na mikono mifukoni. Nikamuuliza kama amesikia. Akasema, “Mwalimu, huo ni upepo.” Upepo haukuwapo. Nikamwomba ruhusa, nikatoa futi ya kushonea, nikapiga magoti kwenye matope yaliyoganda na kupima kila tairi kwa kulizungushia. Matatu yalikuwa sawa. La nyuma kulia lilizidi kwa upana wa vidole viwili. Akasema bila haya yoyote kwamba jiwe lilimpasulia moja mwaka jana, akanunua moja, na akataka kujua mtu mwenye akili anatupa vipi matairi matatu yasiyo na kosa. Si mwongo, Baba. Hapa wengi hufanya hivyo, kwa sababu changarawe haipasui manne kwa siku moja.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi: tairi jipya ni kubwa kuliko yaliyolika, na tairi kubwa huzunguka mara chache kuliko madogo, kila mita ya barabara, kwa hiyo kile kifaa cha katikati kinachogawa nguvu mbele na nyuma hakipumziki, kinabishana na magurudumu yake mwanzo wa safari hadi mwisho, kinapata moto, kinakufa. Nikamwambia lake limeshaanza. Hapo akakasirika. Akasema, “Unajua mengi wewe, binti Barría. Sikio la baba yako nalo lilijua mengi, likasikia gari la kila mtu ila lake. Si lilimfia mlimani huku yuko ndani?” Mkewe akamwambia mwache mtoto wa watu. Nilishukuru kwa ruhusa ya kuzungusha, nikaondoka kwa miguu. Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa lako, si la kumtupia yeye kwa hasira.

Baba, gari lako halikufa kwa sababu hukusikia.

Ule mwaka nilipokuwa nasubiri kuingia chuo na kukusaidia gerejini, Februari ulikwenda kwa Shangazi siku tano, ukaniachia ufunguo niwashe injini tu. Nililichukua. Nilikwenda Murta kwenye mashindano ya farasi wakali, na kijana ambaye jina lake halina maana tena. Changarawe ikakata tairi la nyuma kushoto ubavuni, halizibiki. Fundi pancha mmoja njiani alikuwa na tairi la kampuni ile ile na namba zile zile, karibu jipya. Nikanunua hilo moja. Nikalipaka matope. Nilipofika nyumbani nilijipongeza kwa akili.

Aprili ulianza kuusikia mguno. Ulilala chini ya gari jioni mbili, ukabadilisha oili ya difu, hukuona kosa. Matairi hukuyatazama, na sasa najua sababu: uliyafunga wewe mwenyewe yote manne siku moja, ukawa na hakika nayo kama ulivyokuwa na hakika nami. Halafu ukaniita uani. Ulinikalisha kiti cha nyuma, ukalizungusha gari, ukauliza, “Yanira, unasikia?” Nikasema sisikii kitu. Ukalizungusha tena. “Sasa je?” Nikasema hapana, Baba.

Nilisikia. Mara zote mbili nilisikia.

Ukazima injini, ukasema basi ni masikio yangu. Hukusema kwa uchungu, ulisema kama mtu anayepokea habari. Mei tulipofunga matairi ya baridi nililikimbilia lile gurudumu mimi kwanza, nikaliviringisha mpaka stoo, na ushahidi ukaisha. Lakini kile kifaa kilikuwa kimeshaungua. Julai kikakufia mlimani, ukateleza mtaroni, na wafagia theluji waliokuvuta walikuwa wateja wako wote. Theluji haijayeyuka ukauza spana na kufunga gereji. Watu walisema uzee. Wewe pia ulisema uzee. Mimi nilikuwa nimeshaingia chuoni, ninasoma jinsi vitu vinavyozunguka.

Najua sasa masikio yamekwenda kweli. Lakini yalikwenda baadaye. Siku ile uani yalikuwa mazima, yalisikia vizuri kuliko ya mtu yeyote mjini, na mtoto uliyemfundisha ndiye aliyekuambia yamekufa. Nimejiuliza sana kwa nini. Kuogopa kugombezwa hakutoshi kueleza, hukuwa mgomvi. Nadhani nilitaka kuona kama naweza kujua kitu usichokijua. Niliweza. Sijawahi kupata kitu kisicho na faida kama hicho.

Haya ndiyo niliyoyafanya tangu hapo. Jumanne nilikwenda kwa Nibaldo, pale anapoziba pancha, saa ile ambayo wazee wote wanakaa kulizunguka jiko na chai ya mate inapita mkono kwa mkono. Ojeda alikuwapo, nilimwomba aje. Nilisimama nikawaeleza kama ninavyokueleza wewe, tairi, matope, kiti cha nyuma, maneno yangu. Hakuna aliyenisaidia kwa kunikatiza. Nilipomaliza Nibaldo akasema, “Kwa hiyo mzee alisikia.” Nikasema alisikia. Mmoja akasema kumbe miaka sita wamemcheka mtu aliyekuwa sahihi, na mwingine akamjibu, “Wewe ulimcheka zaidi, mimi nilikuwa nacheka kidogo tu.” Ojeda alikunywa zamu yake, akairudisha, akaniuliza taratibu kama lake bado linaokoleka. Nikamwambia huenda, akifunga manne wiki hii. Nibaldo akamwambia foleni inaanzia nyuma yangu.

Kwa sababu nilikuwa nimeshanunua gari la mkunga, asubuhi ya siku hiyo. Nimeliwekea matairi manne ya baridi, ya kampuni moja, siku moja. Niliyapima kwa futi, Nibaldo akinitazama kama mwendawazimu. Yako sawa.

Samahani kwa kukusimulia mambo ya watu kabla ya kukuomba radhi. Naomba radhi. Sikuandika ili unipunguzie. Nimeandika urudishiwe kilicho chako.

Nimalizie na salamu. Wanaokuulizia ni wengi kuliko zamani, na tangu Jumanne wanakuulizia kwa sauti nyingine. Mkunga anasema gari lake lilikuwa linakupenda. Shangazi umwambie nimemletea jamu ya matunda ya kalafate, mitungi miwili, na asiifiche.

Nimesema nimemletea, na sikukosea. Barua hii sikuipeleka posta. Mistari hii ya mwisho naiandika ndani ya feri, Quellón kwenu tunaanza kuiona, na gari liko chini kwenye sitaha. Nitampa Shangazi bahasha mlangoni, asiisome, akuletee. Mimi nitabaki nje ndani ya gari, injini ikiwaka. Ukimaliza kusoma, na ukitaka, toka uweke kiganja kwenye boneti, uusikie mtetemo kwa mkono, uniambie kama liko sawa. Usipotaka, nitarudi na feri ya Alhamisi na sitakulaumu. Nitakuwa nimeshaukata usukani mpaka mwisho, tayari kuzunguka.

Wako uliyemfundisha kusikiliza,

Yanira