Mizani ya Mizigo

Mama Kalala,

Wanajeshi wanaongezeka Base, kambini kwao, kila wiki, vita vimerudi kwa jina jingine, nami bado niko Kamina, karibu na stesheni tulikosubiri treni baada ya kufukuzwa kule kusini. Treni ilikuja ukiwa umekwisha kuzikwa. Watoto walipanda. Mimi sikuweza kukuacha.

Juzi nesi wa zahanati aliniomba msaada. Wanawake wawili wakimbizi wanaongezeka uzito, akasema, na wenzao wanadai wanakula chakula cha wote kwa siri. Kwa kuwa nilifundisha takwimu, nimwonyeshe jinsi ya kuipima dhana hiyo.

Unaikumbuka mizani ya mizigo pale stesheni. Kila Jumatatu nilitupima sote, nikaandika. Siku ya kwanza ulicheka: "Baba Kalala, unanipima sasa kama muzigo? Panda na weye, tuone." Mimi na watoto tulipungua. Wewe uliongezeka. Nikafanya kama darasani: nikaanza kwa kudhani unakula sawa na sisi, kisha nikatazama kama namba zinakubali. Wiki tano zilikataa. Nikaiacha dhana hiyo, nikashika ile nyingine, kwamba unakula zaidi kwa siri, nikakujia na daftari mbele ya watoto.

Hukukasirika. Ulisema tu, "Miye njo nakula chakula ya batoto?" Tangu siku ile hukula tena. Ugali wako wa bukari uliwagawia watoto, nami nikaona huko ni kukiri.

Yalikuwa maji, Mama Kalala. Nesi wa siku zile pale stesheni alipokufikia alibonyeza mguu wako kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Njaa ilikujaza maji, mimi nikayaita chakula. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja. Lakini niliandika dhana mbili tu, na ya tatu ilikuwa miguuni pako: ulikuwa umeanza kuvaa viatu vikubwa vya Kalala, kwa kuwa vyako vilikubana. Niliviona. Sikuviandika.

Nilimwambia nesi aache mizani, abonyeze miguu kwanza. Kwa wote wawili shimo lilibaki. Wamelazwa; mmoja ameanza kutembea.

Lala, mama wa watoto wangu. Nakuahidi, sitampandisha mtu kwenye mizani kabla sijamtazama miguu, na kabla sijamuuliza amekula nini. Bukari siku hizi nakula kwa kijiko. Majirani wananicheka kwamba nimekuwa mzungu uzeeni. Sijawaambia ni shimo gani ninaloliona nikiibonyeza kwa kidole gumba.

Baba Kalala