Mkoba na Mwanawe

Jumanne, 5 Rajabu 1323

Mkoba wangu wa mfano, ninaopimia mingine, umepotea leo, baina ya adhuhuri na alasiri. Ulikuwa umetundikwa ukumbini, msumari wa nyuma. Nilikwenda zamu yangu kwenye shamba la pamba la Jumbe. Nimerudi, msumari upo, mkoba haupo. Kuku hawakuguswa. Mpunga haukuguswa. Shanga zangu nilizisahau juu ya kinu, na juu ya kinu nimezikuta.

Aliyeingia alijua anachokitaka.

Nauandika hapa ulivyo, nisije nikasahau. Kimo shubiri mbili. Tako duara. Ukili wa nje, utepe uliosukwa, ni wa chane kumi na tatu za ukindu. Ndani yake yumo mwana: kijikapu kisicho na mkono, ukili wa chane tisa, vyumba vitano. Tambuu, tumbaku, sindano na uzi, karatasi, na kimoja cha siri ya mwenyewe. Mwana hutolewa mzima mzima. Ukibadili mkoba unamhamisha yeye tu, hakuna kinachosahaulika nyumbani. Naye hagusi chini. Anakaa juu ya ukingo wa ndani, vidole vinne kutoka kwenye tako, kwa sababu mimi ni mtu wa Maparoni, huko kwenye mikoko ya Rufiji, na mtumbwi haukosi maji. Mkoba unalowa, vitu havilowi.

Miaka miwili nimeufanyia kazi. Wakauita mkoba mjamzito. Walicheka, kisha wakauulizia.

Nilikuja hapa Kibiti mjane, na sindano moja ya mikeka. Hakuna aliyenipa kitu. Sasa wananichukulia.

Jumatano, 6 Rajabu

Nimeuliza nyumba kumi na moja. Kumi wameapa. Salima hakuapa. Huyu ni wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na kusuka nilimfundisha mimi. Alisema, "Wifi, wenzio wanafukuzana na Mdachi, wewe unafukuzana na kikapu." Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka. Nimefika nyumbani ndipo nikaona kwamba hakunijibu.

Lakini kasema kweli. Kusini huko milimani, Wamatumbi wameng'oa pamba, na vita vimeshavuka mto. Wanapewa dawa ya maji, wanaambiwa risasi haitawapata. Mimi siiamini. Nimekulia kwenye mikoko, nayajua maji ya Rufiji: hayana upande. Pamba nayo siipendi. Siku mbili kila juma mgongo wangu ni wa Jumbe.

Chane mia mbili zimekauka leo. Nimezikusanya.

Jumatatu, 11 Rajabu

Bungu. Nimefika jana jioni, miguu imevimba. Mhindi mwenye duka aliniagiza mikoba ishirini, nikaja kumwambia itachelewa, mfano sinao. Akasema hana haraka, ameshaletewa.

Akanionyesha mmoja. Mkoba na mwanawe. Vyumba vitano. Ukingo. Nilipima kwa mkono wangu mbele yake: vidole vinne kamili.

Nikamuuliza nani kaleta. "Mama mmoja, kajifunika. Alileta miwili. Mmoja umeshakwenda."

Nikaugeuza. Tako linazunguka kushoto.

Mkoba huanzia katikati ya tako. Ukili unazungushwa na kushonwa, unazungushwa na kushonwa. Mtu wa mkono wa kulia huupeleka kulia. Wa mashoto huupeleka kushoto. Mnunuzi hatazami. Msusi akitazama anajua.

Kibiti nzima namjua msusi mmoja wa mashoto. Nilipomfundisha nilikaa mbele yake mwezi mzima, badala ya ubavuni, ili aufuate mkono wangu kama anayejitazama kwenye kioo. Hakuna mwalimu mwingine aliyekuwa tayari kumhangaikia.

Sikumwambia Mhindi kitu. Nina hasira.

Alhamisi, 14 Rajabu

Nimekwenda kwa Salima mara mbili. Mara ya kwanza nimekuta watoto watatu na sufuria tupu. Mara ya pili nimekuta mlango umefungwa. Mumewe hajaonekana tangu pamba ilipong'olewa. Wengine wanasema yuko milimani. Wengine wanasema amekwenda Umwe kwa mjomba. Mimi siulizi.

Shida yake naijua. Angeniomba ningempa mfano. Hapana, si kweli. Nisingempa. Lakini angeniomba.

Jumapili baraza linakaa. Nitamshtaki mbele ya Jumbe. Maneno nimeshayapanga, ni sita: Salima ameiba mkoba wangu, ushahidi ninao.

Jumapili, 17 Rajabu

Sikuyasema.

Baraza halijatulia wakaja askari watano na mkubwa wao, ombasha. Mkononi ameshika mkoba na mwanawe. Juzi wamemkamata mtu kwenye kivuko, mgeni, katoka milimani. Walimpekua, wakamtoa mwana, chini yake wakakuta kibuyu cha dawa. Kilikaa kwenye vile vidole vinne kama nilimpimia mimi. Mtu mwenyewe amepelekwa boma. Hatarudi, kila mtu anajua.

Ombasha akauliza, mkono wa nani huu?

Hakuna aliyenitaja. Hapakuwa na haja, wote walinigeukia. Jumbe akasema, taratibu, "Binti Mkumba, huu si wako?"

Nikaomba niushike. Nikahesabu chane: kumi na tatu. Nikageuza tako. Kushoto.

Salima alisimama nyuma ya wanawake, mtoto mgongoni, mkono wake wa kushoto umeshika kisigino cha mtoto. Maneno sita yalikuwa kinywani, tayari.

Nikasema: mfano ni wangu, uliibwa Jumanne, tarehe tano, tangu hapo wanausuka wengi.

"Wangapi?"

"Wengi, bwana."

Akasema Alhamisi atarudi. Anataka wasusi wote mbele yake, kila mmoja na mkoba wake. Nikisimama peke yangu nitakwenda boma peke yangu.

Bado nina kinyongo na Salima. Nataka changu. Lakini sitaki anyongwe, na watoto wake watatu waje kulala kwangu waniulize mama yuko wapi.

Nimesema wengi. Yuko mmoja. Siku nne.

Jumatatu, 18 Rajabu

Hesabu. Kusuka ukili wa mkoba mmoja, siku sita. Haiwezekani. Lakini kila nyumba ina mafungu ya ukili uliokwisha sukwa, yanangoja mikeka ya Ramadhani. Kushona tako na kuta, siku moja. Mwana, nusu siku. Basi inawezekana.

Nimeanzia kwa Bi Zaituni, mke mdogo wa Jumbe. Mwaka jana aliutaka mkoba wangu nikamwambia angoje zamu yake. Leo nimemwambia nitamfundisha kuushona mwenyewe, bure.  Akasema, "Unataka nianze lini, shoga?" Nikasema sasa hivi. Nikamwonyesha kuzungusha kushoto.

Hakuuliza kwa nini. Jana barazani alikuwepo, na yeye pia ni msusi.

Hadi jioni wamefika watano.

Jumanne, 19 Rajabu

Wanane uani kwangu. Wengi nimewaanzisha kushoto, wachache kulia, ili isionekane tumepanga. Wanalalamika. Mmoja anasema anahisi kama anakula ugali kwa mkono wa chooni. Mwingine anasema mkono wake umeolewa kulia, sasa naupeleka kwa hawara. Kicheko hakikatiki. Vidole vinatoka damu.

Siri zangu zote nimezitoa. Kwamba ukingo ushonwe kabla ya ukuta kufika juu. Kwamba chumba cha karatasi kiwe kirefu kuliko vingine, bila hivyo pembe zinakunjika. Kwamba mwana awe mdogo kwa nusu kidole, la sivyo ukindu ukivimba kwa unyevu hatoki. Miaka miwili nimeimwaga katika asubuhi moja. Inaniuma. Nimeisema mara tatu tatu, wasikosee.

Baada ya adhuhuri kaja Salima. Kakaa pembeni, karibu na kinu. Akachukua ukili, akaanza. Karibu uani kote mikono ilikuwa inakwenda kushoto, na wa kwake mmoja wao. Hakuna aliyemtazama.

Mimi nilihesabu chane.

Jumatano, 20 Rajabu

Mikoba kumi na minne imekwisha. Tatizo: mipya. Ukindu mpya unang'aa, mjinga pia anaujua. Tumeitundika juu ya meko, ikapata moshi. Tumeikalia. Bi Zaituni kamwaga mate ya tambuu ndani ya wake, kisha akaupangusa vibaya kwa makusudi. Wengine wameibebea muhogo wenye udongo kutoka shambani. Mmoja kang'oa mshono wa mkono akaushona upya kwa uzi wa rangi nyingine. Huyo ana akili, nitamfundisha zaidi.

Salima leo hakuja. Mkoba wake kauleta mwenzake.

Alhamisi, 21 Rajabu

Wamekuja kabla jua halijawa kali.

Tulikaa mstari mmoja, wanawake kumi, mikoba mbele yetu. Nilitegemea ombasha atahesabu vichwa aondoke. Hakuhesabu. Alichukua mkoba wa kwanza akaugeuza, akaangalia tako.

Huko kwao nako wanasuka. Sikuliwaza hilo.

Akaenda mkoba kwa mkoba. Kushoto. Kushoto. Kulia. Kushoto. Alipofika kwa Salima akaugeuza wake pia. Kushoto, kama ya jirani zake wawili. Alimtazama mikono. Salima alikuwa anamnyonyesha mtoto, mikono yote miwili imeshughulika.

Akamfikia Bi Zaituni. Kushoto. Akauinua juu. Jumbe akakohoa, akasema, "Huyo ni wa nyumbani kwangu, ombasha."

 

Ombasha akaurudisha chini polepole. Akaja kwangu. "Na wewe mwenye mfano, wako unakwenda kulia."

Nikasema ndiyo bwana, mimi ni mzee, sijifunzi mambo mapya.

Alicheka puani tu. Akasema ataandika kwamba wasusi ni wengi. Kisha akaniuliza kama mwana anaweza kutengenezwa wa vyumba sita, vya kuwekea risasi. Nimempa huu huu wangu wa vitano. Amekwenda nao.



Ijumaa, 22 Rajabu

Nimefagia ua. Vipande vya ukindu vimejaa kikapu kizima, nimevitia motoni. Msumari wa nyuma bado mtupu.

Mikoba yangu sasa ni ya kila mtu. Wa Bi Zaituni ni mzuri, nusura uufikie wangu. Mhindi wa Bungu atauziwa na yeyote. Sawa. Nitabuni mwingine. Nimeshaanza kuufikiria, wa watu wawili kubeba pamoja.

Nimekutana na Salima kisimani. Akanisalimu, "Shikamoo wifi." Nikaitika. Akanitwisha ndoo. Akaanza kusema mtoto hajambo, kikohozi kimepungua, mvua mwaka huu.

Nikamwambia, wifi, habari za yule mtu wa kivukoni sikuulizi. Wala mumeo sikuulizi. Nakuuliza mkoba wangu, ulikuwa msumarini. Uliuchukua wewe, ndiyo au la?

Akainamia ndoo yake.

Nikamwambia usinijibu hapa, watu wanakuja kuteka. Kesho Jumamosi nipo nyumbani. Usimtume mtu, wala usiuache mkoba mlangoni ukakimbia. Uje mwenyewe, uingie, ukae, unitamkie neno moja. Nangoja mpaka adhana ya alasiri.