Mwanangu Alikataa Ziwa Siku Niliyoshinda

Mshauri wetu wa ukurasa wa akina mama, shikamoo.

Kwanza unisamehe sana kwa kuchelewa kukuandikia, maana tangu wiki ile ya Saba Saba kalamu naishika naiweka, mara unga haujasagwa, mara ni zamu yangu shamba la kijiji, mara aibu tu, najiuliza nitaanzaje kumweleza mtu nisiyemjua habari za maziwa yangu, lakini sasa naona nikizidi kunyamaza maziwa yatakatika yenyewe, kwa hiyo naomba msaada wako na unisikilize mpaka mwisho hata nikiruka huku na kule, mimi niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kama kuongea.

Naitwa Hamisa, watu wananiita Mama Fatu kwa jina la mwanangu wa kwanza, naishi Kwamndolwa hapa Korogwe ila nimezaliwa Mazinde kwenye kambi za mkonge, na mume wangu Semboja ni Mzigua wa Misima kule Handeni, anafanya kazi korona, pale kwenye mashine ya kuchuna mkonge. Fatu wetu anasimama dede na alikuwa bado ananyonya.

Sasa mwaka huu bwana michezo wetu, Bwana Valerian, alirudi kutoka kozi na jambo jipya, akaitisha mkutano akasema sikukuu hii hatutaki kukuna nazi na kukimbia na magunia, tutafanya mashindano ya mambo matatu, mtu mmoja avuke mto kwa kuogelea, akitoka majini apande baiskeli, akishuka akimbie mpaka uwanjani, asipumzike katikati wala asipokezane na mwenzake. Mzee mmoja akauliza, "Sasa huyo mtu anafukuzwa na nani?" Watu wakacheka mpaka mkutano ukataka kuvunjika. Bwana Valerian hakucheka, akasema hata wanawake wamo, kila tawi litoe mmoja, na wanawake wote tukainamisha vichwa kama tunachambua mchele, ndipo rafiki yangu Grasiana akapaza sauti, "Mwandikeni Mama Fatu! Hao wa Mazinde wanajua kuogelea kabla ya kutembea."

Nikamwambia, "Shoga, umeniponza."

Akasema, "Nimekuponza nini? Si kila siku unalalamika umechoka? Kapumzike mtoni."

Ni kweli tulipokuwa watoto tulikuwa tukiogelea bwawani kwa kulalia mlingoti, ule mti mwepesi unaochomoza katikati ya mkonge ukizeeka, hauzami hata ukitaka, na Bwana Valerian akaruhusu wanawake tuvuke nao kwa ajili ya usalama. Baiskeli nikapewa ile ya kijiji inayopeleka mahindi mashineni. Semboja nilipomwambia akanitazama akasema, "Utaanguka," halafu akanipa kaptula yake nivae ndani ya gauni, nikajua amekubali.

Siku yenyewe vijana walipiga madebe na kurusha mawe mtoni upande wa juu ili mamba wakae mbali. Mlingoti wangu niliufunga kifuani kwa kamba ya singa mbichi, yaani nyuzi za mkonge, niliyoisokota asubuhi ile ile, maana kamba kavu ilikuwa imefungia mbuzi, nikavuka salama, na nilipotoka majini nikautupa mlingoti lakini ile kamba nikaizungusha vizuri kifuani na kuikaza, kwa kuwa sikuwa nimenyonyesha tangu alfajiri na kifua kilikuwa kimejaa, kila shimo barabarani ningelia. Ilinisaidia kweli. Wenzangu walisema, mkonge huo hauwashi? Nikawaambia sisi wa Mazinde mkonge umetulea, hautuwashi tena.

Sasa mshauri, kuna jambo nataka nikuulize kabla sijasahau. Niliposhuka baiskeli miguu haikuwa yangu. Naiambia kimbia, yenyewe inazunguka kama bado inatafuta pedeli, nikawa naenda kama bata, watu wakacheka na mimi nikacheka, nikacheka peke yangu barabara nzima, nikawa najiuliza huyu anayecheka ndani yangu ametoka wapi, maana tangu nijifungue mimi ni wa kulala nimekaa. Mbele kidogo miguu ikarudi yenyewe, nikawapita wanaume wawili, na katika wanawake nikawa wa kwanza. Ile hali ya miguu ni nini? Imenikaa kichwani, nikiwa natwanga naiwaza.

Uwanjani mama mkwe wangu, Bibi Mwaija, alikuwa amempakata Fatu kivulini, alikuja kututembelea sikukuu. Mtoto ananililia, nami sikungoja, nikakaa chini pale pale mavumbini nikashusha kamba nikampa ziwa. Mshauri, mtoto akalishika, akaliacha, akakunja uso kama amelamba mwarobaini, akatema, akapiga yowe mbele ya mgeni rasmi. Mwanamume mmoja akapiga kelele, "Yamechemka hayo!" Uwanja mzima kicheko, safari hii sikucheka.

Mama mkwe akamchukua mtoto taratibu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, maziwa ukiyatia kibuyuni ukayatikisa, huwa nini?"

Nikasema, "Huwa mtindi, mama."

"Basi. Wewe umeyatikisa tangu mtoni. Mjukuu wangu hanywi mtindi wa jasho."

Akanikataza pia kuoga, akasema mwili wa moto ukikutana na maji ni homa ya kifua, kwa hiyo nilinawa uso na miguu tu, jioni nikajaribu tena kumpa Fatu naye akafanya vile vile, akasukuma kwa mikono miwili. Asubuhi mama mkwe akamfunga mgongoni kwenda naye Misima kumwachisha kwa uji na maziwa ya mbuzi, kama wanavyofanya kwao, mtoto akiachishwa hupelekwa kwa bibi ili asimwone mama. Semboja ndiye aliyebeba mzigo mpaka stendi. Nilipomuuliza mbona hakusema neno akajibu, "Mama ni mama, Hamisa."

Tangu siku hiyo nakamua maziwa nyuma ya jiko asubuhi na jioni yasikauke, nayamwaga kwenye migomba, na mtoto wa jirani akilia gauni langu linalowa. Nimewahi kuonja mwenyewe, nikaona ni matamu, lakini mimi nitajuaje, ni yangu.

Na hapa ndipo penye shida. Nimechaguliwa kwenda Tanga mashindano ya mkoa mwezi ujao. Bwana Valerian anasema, "Mtoto si ameshaachishwa? Sasa uko huru kufanya mazoezi," na nilipoyasikia maneno hayo nilifurahi, mshauri, nilifurahi kabla sijakumbuka kuhuzunika, na jambo hilo limenitisha kuliko mamba. Mama mkwe ametuma salamu kuwa nichague moja, ziwa au mbio, nikichagua mbio Fatu atabaki Misima mpaka awe na akili zake. Mimi namtaka mwanangu. Na Tanga pia nataka kwenda, nataka nione kama miguu itafanya vile tena. Je, ni kweli maziwa yanaharibika kwa kutikiswa? Kama ni kweli niambie tu, nitaiacha baiskeli ya watu.

Ninachohitaji nitumiwe, kama inawezekana, ni hiki: jibu lenye herufi kubwa, Semboja amsomee mama yake kwenye mwanga wa mlango, karatasi ya mganga yenye muhuri, maana mama mkwe anaheshimu muhuri, nguo ya kuogelea ya heshima ya mwanamke aliyezaa, na mpira wa valvu wa baiskeli, gurudumu la nyuma, madukani hapa hakuna.

Ni mimi,
Mama Fatu, Kwamndolwa, Korogwe

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mama Fatu. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa kucheka na mara ya pili kwa hasira, na nimeiweka mbele ya za wenzako wote waliotangulia, wanisamehe, kwa sababu maziwa hayangoji foleni.

Nianze na kibuyu. Kifua cha mama si kibuyu. Maziwa hayakai humo yakingoja kutikiswa, yanatengenezwa kila saa mapya. Kama yangegeuka mtindi kwa kutikiswa, nchi hii isingekuwa na mtu hata mmoja, maana mama zetu wote walitulea wakitoka kutwanga, kulima na kupandisha ndoo kutoka bondeni. Mama mkwe wako alimnyonyesha huyo Semboja akiwa ameweka mchi chini sasa hivi. Kutwanga si kutikisa?

Lakini Fatu naye si mwongo. Mtoto hakunji uso bure. Nilimpelekea barua yako mkunga mmoja ninayemwamini, ambaye amefanya kazi miaka mingi karibu na mashamba ya mkonge, naye alipofika kwenye ile kamba akanyanyua kichwa akasema, "Ameifunga wapi?" Mama Fatu! Singa mbichi! Maji ya mkonge yanawasha na ni machungu, wewe umeyakaza juu ya kifua, ukayapika kwenye jasho na jua, kisha ukampa mtoto alambe. Ngozi yako imelelewa Mazinde. Ulimi wa Fatu umezaliwa Kwamndolwa. Na jioni ulipojaribu tena ulikuwa hujaoga, kwa hiyo ulimpa mkonge ule ule kwa mara ya pili. Sikuwepo uwanjani nikuapie, ila mimi na mkunga hatuoni sababu nyingine ya kutafuta. Hakukataa maziwa. Alikataa kamba.

Mkunga anasema mama akimaliza kazi ya jasho apumzike kidogo, anywe maji, aoge au angalau aoshe kifua kwa maji safi, akamue matone ya mwanzo ayamwage, kisha anyonyeshe. Hiyo homa ya kuoga haijui. Ukitaka kukaza kifua, tumia kitambaa laini cha pamba, marekani, na mlingoti ufunge kwa kitambaa hicho hicho. Mkonge uache uende korona.

Sasa nikugombeze. Umevuka mto wenye mamba, ukashindwa kuvuka ua wa mama mkwe wako. Mtoto anaondoka mgongoni mwa mtu na wewe umesimama, kisha unakamua maziwa na kuinywesha migomba! Basi la Handeni lilikuwepo siku zote hizo. Sikwambii umkosee heshima. Bibi Mwaija anampenda mjukuu wake, alisema alilolijua, na alilisema kwa upole kuliko ule uwanja wenu. Lakini heshima haikuzuii kusema, "Mama, nimekuja kumnyonyesha mwanangu."

Na wewe Semboja, najua unasoma. Mama ni mama, umesema kweli. Na Mama Fatu ni nani? Kaptula ulitoa, vizuri. Sasa toa na sauti. Uende Misima pamoja naye, na wewe ndiye utakayemsomea mama yako maneno haya, ukiwa umekaa chini kama mtoto wake, si kama bwana mkubwa mwenye gazeti.

Furaha uliyoipata uliposikia uko huru, usiitie sumu. Mwanamke anayelala amekaa akisikia neno huru atafurahi, hata kama anaitwa malaika. Hilo halikupunguzii umama wako hata kidogo. Lakini Bwana Valerian naye asikuhesabie mtoto kuwa kizuizi kilichoondolewa njiani. Mwambie utafanya mazoezi Fatu akiwepo, amtafutie mtu wa kumshika kama anavyotafuta watu wa kupiga madebe.

Ziwa au mbio, si swali. Fatu anakula uji, anasimama dede, anaweza kunyonya asubuhi na jioni na mama yake akakimbia katikati. Huenda amesahau kidogo. Usimlazimishe. Mpe akiwa na usingizi, mahali pakavu pasipo na watu wa kuchungulia, umwimbie ulivyokuwa ukimwimbia. Siku ya kwanza akikataa, ngoja ya pili. Akikataa wiki nzima, basi ameachishwa, nawe utalia, kisha utamrudisha nyumbani hivyo hivyo, kwa sababu mtoto aliyeachishwa bado ana mama. Mpeleke kliniki akapimwe uzito, uchukue na kadi yake. Halafu mwombe Bibi Mwaija, kwa magoti, aje Tanga kumshika mjukuu wake siku ya mashindano. Mtu ukimpa kazi kubwa hana nafasi ya kukukataza ndogo.

Miguu yako haina ugonjwa. Imezoea kuzunguka, ghafla unaitaka ipige hatua, inahitaji muda ipate habari. Kila ukitoka mashineni na baiskeli, shusha unga, kisha ukimbie mpaka kwenye nyumba ya tatu na kurudi. Itajifunza. Ila ukiwa Tanga ikizunguka tena, uniandikie, maana hata mimi nimebaki nikiwaza, na jana nilijaribu baiskeli ya tarishi wetu hapa ofisini nikaishia kwenye ua wa michongoma.

Mpira wa valvu nimepata, nimekuwekea miwili katika bahasha. Nguo ya kuogelea sina, na zilizopo dukani huku mama mkwe wako akiziona atarudi Misima kwa miguu. Mpe fundi kitambaa cha kaki akushonee kaptula ya magoti na blauzi ya kubana. Herufi kubwa mhariri amekataa, karatasi ni haba, Semboja asogee karibu na mlango. Muhuri wa mganga sikukutafutia. Kliniki watampima Fatu mbele ya bibi yake, naye ajionee mwenyewe.

Hayo ndiyo yangu. Sasa liweke gazeti chini, oga kwa sabuni, upande basi.