Kwa Baba Mervyn Haddrick, na Njia ya Kwenda kwa Coral

Baba, mwaka umeshazunguka tangu ulipotuacha, asubuhi ile ya upepo kule Esperance, pwani ya Australia Magharibi, kwa dada yako Coral, ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha turubai kando ya karavani. Watu wa hapa Murray Bridge bado wanatuuliza ilikuwaje mzee mwenye afya kama wewe akaondoka ghafla vile. Tumekuwa tukiwajibu kwa kifupi tu. Leo Mama ametupa ruhusa tueleze kwa kirefu, naye amekaa hapa pembeni akikosoa kila tunachoandika.

"Msimfanye malaika," anasema. "Alikuwa mbishi."

Basi tuanze na ubishi. Uliendesha malori ya ngano maisha yako yote ya kazi. Siku uliyostaafu ulinunua karavani, ile nyumba nyeupe ya kukokotwa nyuma ya gari, yenye kitanda na jiko na friji, ukatangaza kwamba hutashinda tena nyumbani majira ya baridi. Kweli hukushinda. Kila baridi ilipoanza mliondoka wewe na Mama, mkalala uwanjani kwa ndugu huyu, kisha kwa ndugu yule, na kila mlipofika ulitafuta kwanza bomba linalovuja ulirekebishe. Hakuna aliyekuomba. Ulipopishana na karavani nyingine uliinua kidole kimoja juu ya usukani kusalimia, na dereva asiyekuitikia ulimsema mpaka kituo kinachofuata.

Usukani huo hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Kazi ya Mama ilikuwa kusimama nyuma na redio ya mkononi ya kuongelea, pacha yake ikiwa garini kwako, akikuelekeza unaporudi kinyumenyume kwenye nafasi ya kuegesha. Kwenye viwanja vya kulala wasafiri, wenye karavani wengine walitoa viti nje kabisa ili watazame.

"Kushoto, Merv. Kushoto! Kushoto kwako, siyo kwangu!"

"Sasa wewe unaangalia wapi, Nol?"

"Naangalia mti unaotaka kuugonga!"

Kabla chai haijachemka mlikuwa mmeshapatana, mnagombea biskuti ya mwisho. Tulizoea kuwacheka.

Safari ya mwisho haikuwa kama hizo, na sisi watoto hatukujua. Daktari alikuwa ameshakwambia kwamba kumbukumbu yako inaondoka, na kwamba haitaondoka yote kwa mara moja. Alisema unaweza kuendesha kwa muda, Mama akiwa kando yako, hadi upimwe tena. Ni kwenye gari ndipo ulipomgeukia Mama.

"Nataka nimwone Coral nikiwa bado namjua," ulisema. "Yeye ndiye aliyenilea. Nisiende nikamkodolea macho kama mgeni."

"Na watoto tuwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Kerryn ataninyang'anya ufunguo, na Brett atamsaidia."

Hapo ulisema kweli, Baba, tungekunyang'anya. Mama akakubali, na tangu siku hiyo hakupata usingizi wa raha. Kati ya Murray Bridge na Esperance kuna nchi nzima ya kuvuka, na yeye hakujua kama akili yako ingefika pamoja na gari.

Mlianzia Port Augusta, kwa mdogo wako Clarrie. Alikuwa uwanjani akichoma soseji, amevaa aproni ya marehemu mkewe, na mkakumbatiana vizuri. Ulipopewa sahani ukamwambia, "Asante, Baba."

Clarrie alivunjika mbavu. "Mvi ninazo, ndiyo, lakini si za kukuzaa wewe, babu kizee!"

Kila mtu akacheka, na wewe ukacheka. Mama alicheka nyuma ya wote. Kisha akaingia kwenye karavani, akafungulia maji kwenye sinki ili kilio chake kisisikike. Asubuhi ulimjua Clarrie vizuri kabisa, ukambishia habari za mpira wa miguu, ukamtengenezea bomba la bafuni. Mama alikuomba mrudi nyumbani. Ulimjibu tu kwamba Coral bado, ukaendelea kufunga mizigo.

Kule Ceduna mlilala kwa Leanne, binti wa Clarrie. Aliwafungulia chaza wabichi, sinia zima, maana anajua unavyowapenda. Ukala, ukamsifu, kisha ukamuuliza kwa upole kama wazazi wake bado wako hai. Leanne akamvuta Mama jikoni.

"Mama Mkubwa, Baba Mkubwa ana nini?"

"Uchovu wa njia tu, mwanangu."

Alisema uongo huo macho makavu, na anasema hadi leo unamkereketa. Lakini tangu hapo moyo wake ulianza kupiga hesabu nyingine. Clarrie ulimpoteza kwa jioni moja. Leanne ulimpoteza palepale mezani. Njia bado ilikuwa ndefu, na Coral ndiye aliyebaki.

Kutoka hapo ni ile tambarare isiyo na miti, barabara imenyooka mpaka macho yanachoka. Mama hakufuma wala hakusoma. Alikaa akitazama mikono yako. Malori yenye trela mbili yalipokuja mbele, upepo wake ukaiyumbisha karavani, alishika kiti kwa nguvu na kusema kwa sauti ya kawaida, "Unaendelea vizuri, Merv." Na kwa kweli ulikuwa unaendelea vizuri, maana mikono yako ilikuwa haijasahau kitu. Kila baada ya muda alikuuliza mnakwenda wapi, kama mtu anayepiga soga, na kila ulipojibu "kwa Coral" alishusha pumzi.

Mlisimama kupumzika juu ya majabali, bahari ikinguruma chini kabisa. Mpaka wa Australia Magharibi ulikuwa mbele kidogo. Pale mpakani huruhusiwi kuvuka na matunda, wala mboga mbichi, wala asali, na hakuna msafiri asiyejikuta na kitunguu alichokisahau. Mama akaingia kwenye karavani kukagua makabati. Wewe alikuacha ukitazama maji. Akiwa amepiga magoti, mkono umezama kabatini, akasikia injini ikiwaka. Alidhani unataka tu kusikiliza muziki. Kisha sakafu ikaanza kutembea chini ya magoti yake.

Alipiga ukuta kwa kikaango, akaita jina lako mpaka sauti ikamkauka. Simu ilikuwa kwenye gari, ndani ya mkoba. Mlango alijaribu kuufungua, akaona lami inavyokimbia, akaufunga tena. Alijua mbele kuna maofisa wa mpaka. Ukifika kwao bila kujua ulikotoka wala unakokwenda, safari imekwisha hapo na Coral humwoni tena. Na hayo ni kama ungefika, maana alikuwa hajui ni nani aliyeshika usukani ule. Ndipo akaiona redio ya mkononi ikining'inia kwenye ndoano yake karibu na mlango. Akaizungusha hadi chaneli ya arobaini, wanayoisikiliza madereva wote wa barabara ile.

"Merv! Merv, simama! Niko nyuma!"

Sauti yako ikaja, yenye adabu kabisa.

"Nani mwenzangu?"

"Ni Noelene! Mkeo!"

"Nadhani umekosea mtu, mama. Mke wangu yuko nyumbani."

Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akisikiliza akaingilia kati, anacheka. "Mzee, umemkana mkeo hewani! Leo utalala nje na mbwa!"

Na wewe ukacheka naye, ukamwambia huna mbwa. Mama akakaa sakafuni. Anasema hajawahi kuogopa namna ile, hata siku Brett alipoangukia kisimani. Unaongea vizuri, unatania, unaendesha, na humjui. Angeendelea kukuita mume angekuwa anampigia kelele mtu baki. Ila alimfahamu yule dereva uliyekuwa, na alijua dereva huyo husikia neno gani. Akajikaza kisabuni, akaituliza sauti.

"Wewe mwenye karavani nyeupe unayeelekea magharibi, mlango wako uko wazi. Vyombo vinadondoka barabarani. Sogea pembeni uangalie."

"Asante sana, mwenzangu," ukajibu mara moja. "Nasogea."

Ukapunguza mwendo pole pole, ukaingia kwenye changarawe, ukasimama vizuri kama ulivyofundishwa. Akasikia viatu vyako vikija. Mlango ukafunguliwa.

"Nol! Unafanya nini humo ndani? Si hatari hiyo?"

"Natafuta vitunguu," Mama akasema. Kimoja alikuwa nacho mkononi.

Uso wako ukabadilika. "Nimekuacha?"

"Hukuniacha. Umenibeba tu bila tiketi. Nipe ufunguo, Merv."

Ukampa. Mama alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, ameshapanga na maneno ya kukujibu, na wewe ukampa ufunguo na kwenda kukaa upande wa abiria ukafunga mkanda. Jambo hilo lilimtisha kuliko yote. Alikuwa hajawahi kukokota karavani hata mara moja.

"Kioo kwanza," ulimwambia. "Sasa ondoka taratibu. Breki usiikanyage kwa hasira, siyo mimi hiyo."

Mpakani ofisa alichukua vitunguu na chupa ya asali, akawatakia safari njema. Madereva waliopishana nanyi waliinua kidole, na Mama hakumwitikia hata mmoja kwa kuogopa kuachia usukani. Ulimwambia ni utovu wa adabu. Njia nzima iliyobaki alikuwa anaomba kitu kimoja tu, umjue Coral. Umjue hata kwa dakika moja, halafu mengine yaje.

Mwishowe Mama akakunja kuingia mtaa wa Coral. Coral alikuwa amesimama getini, amevaa sweta, mkono mmoja juu ya macho. Mama akazima gari na akashindwa kushuka. Wewe ukashuka. Ukatembea hadi getini, ukasimama mbele ya dada yako, na Coral akakusubiri uanze wewe, maana Mama alikuwa amemwonya kwa simu.

"Coral," ukasema, "mbona umezeeka hivi?"

"Na wewe huko kwenu hakuna vioo?"

Mkashikana. Ukalia, Baba, ukamwita dada yangu, dada yangu, na Coral akakusugua mgongo kama mtoto aliyeanguka. Mama aliweka kichwa kwenye usukani akalia hadi akapiga honi bila kutaka. Hofu yote ya njia ile ndefu ilimtoka kwa pamoja. Akajifuta uso, akashuka, akaja kusimama pale getini.

Ukamgeukia ukitabasamu.

"Coral, mpe huyu mama chai," ulisema. "Amenileta kutoka mbali sana, na anaendesha vizuri."

Coral akamtazama Mama. Muda wote ule Mama alihofia utamsahau Clarrie, utamsahau Leanne, utamsahau Coral, na hakuwahi kujihesabu yeye mwenyewe. Hata pale kwenye redio alijiambia ni mara moja tu, imepita. Angeweza kukushika mashati akulazimishe ukumbuke. Hakufanya hivyo. Alinyoosha mkono.

"Naitwa Noelene," akasema.

Ukaupokea mkono wake kwa mikono yako miwili.

"Mervyn. Mke wangu naye anaitwa Noelene. Ungempenda. Mwanamke mzuri sana yule, sijui kwa nini sijaja naye."

Mama anatuambia tuandike kwamba ulikuwa hujawahi kumsifu mbele za watu hata siku moja, na kwamba ilibidi awe mtu baki ndipo alisikie neno hilo. Anacheka anapolisema. Halafu anatoka nje kidogo.

Ulikaa kwa Coral hadi mwisho wako. Siku nyingine ulimjua Mama, ukamsuta kwamba ameegesha karavani upande upande. Siku nyingine ulimshukuru kwa chai na kumuuliza kama watoto wake hawamngoji nyumbani. Asubuhi ile moyo wako uliposimama alikuwa amekaa kando yako, na hajui kama machoni pako alikuwa mkeo au yule mama wa chai. Swali hilo bado linamkosesha usingizi. Sisi tunakaa naye tu.

Baba, ulitulea, ukatubishia, ukatutengenezea mabomba. Unakumbukwa na binti yako Kerryn na mwanao Brett, na wajukuu zako wote, na mdogo wako Clarrie, na Leanne, na dada yako Coral uliyemfikia ukiwa bado unamjua.

Na unakumbukwa na Noelene mke wako, na yule Noelene aliyekuletea chai. Wote wawili wanakupenda, na hakuna hata mmoja wao atakayekusahau.