Kiti cha Cherehani ya Pili

Ghorofa ya pili, juu ya fundi viatu,
Mtaa wa nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumatano asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote, na kwa kuwa najua barua zetu husomwa kwa sauti hapo chumba cha ushonaji, cherehani zikiwa zimenyamazishwa na chai ikiwa imemiminwa, nawaamkia pia wote waliokaa kusikiliza: mafundi wako, wateja waliokuja kuchukua nguo ambazo hazijakamilika, na binamu yangu anayesoma, ambaye namwomba safari hii asiruke mistari.

Goti lako linaendeleaje? Uliandika kwamba limevimba kwa kukanyaga pedeli mchana kutwa. Nakuomba ulipumzishe, ingawa nafahamu kwamba ombi hilo umekwisha kulipokea kutoka kwa watu wengi na hukumsikiliza hata mmoja.

Sisi huku tu wazima. Mama bado anafanya zamu hospitalini, na akirudi hulala na sare mwilini. Mama yako mzazi, yaani Bibi yetu, ni mzima kuliko sisi sote, na hilo utalithibitisha punde.

Shangazi, umeniuliza swali moja katika barua mbili, nami mara zote mbili nimekujibu kwa salamu. Umeuliza kama naja kukalia kiti cha cherehani ya pili, kilichobaki wazi tangu fundi wako alipoolewa, au siji. Leo nitakujibu. Niruhusu tu nieleze kwanza kilichonifunga ulimi, maana jibu lenyewe limetoka humo.

Lile duka kubwa la kwenye mzunguko wa barabara lilitangaza kwamba linahitaji wahudumu. Mimi na rafiki yangu Twiga, yule mrefu uliyemwambia ainame asivunje taa yako, tulipeleka maombi siku moja. Kukawa kimya. Tulipokwisha kuyasahau tukaitwa kwenye usaili, tukakalishwa kwenye viti vya plastiki kati ya maboksi ya sabuni, vijana tele, wote tumepiga pasi hadi soksi.

Anayeshughulikia ajira pale ni mama mmoja mpole, mwenye miwani ya kamba. Vijana tumempa jina la Bi Wiki Ijayo, na sababu utaiona. Aliponifikia aliniuliza, "Una uzoefu wa kuuza?"

"Sina, mama, lakini najifunza haraka."

"Tungependelea mwenye uzoefu."

Shangazi, wewe unaijua midahalo ya shule iliyonipa jina hili la Spika. Nilisimama. Nikamweleza kwa adabu kwamba uzoefu hauuzwi kwenye rafu yoyote, hata katika duka lake, na kwamba ikiwa kila duka linamngoja mtu aliyefundishwa na duka jingine, sote tutazeeka tukitazamana. Wenzangu wakapiga makofi. Bi Wiki Ijayo akaandika neno moja, akafunga kalamu.

"Umesema vizuri sana," akasema. "Tutakupigia wiki ijayo."

Tulipotoka, Twiga alinitazama kutoka huko juu aliko. "Hivi wewe ulikuja kuomba kazi au kura?"

Hata hivyo tuliitwa tena, kwa siku moja ya majaribio. Nikapewa rafu ya vyakula vya makopo. Msimamizi alinifundisha kwamba kopo la zamani hukaa mbele na jipya nyuma, na kwamba kila kopo lazima limtazame mteja usoni. Shangazi, niliipenda kazi ile. Nilipenda kuona rafu iliyovurugika ikinyooka mikononi mwangu, na nilipenda watu nisiowajua waniulize jambo nikawa na jibu. Mzee mmoja alitaka dawa ya viatu. Nikamfikisha mpaka penyewe, akaniita "mwanangu". Nilirudi nyumbani miguu ikiwaka moto, moyo mweupe.

Tangu siku hiyo ni danadana. Wiki ijayo, halafu mwisho wa mwezi, halafu meneja amesafiri, halafu meneja amerudi lakini ana kikao. Nimekuwa mtu wa roho juu. Siwezi kukaa, siwezi kulala mchana, siwezi kuanza jambo nikalimaliza. Nimepanga kabati la jikoni mpaka Mama akaja juu. "Hapa hakuna mteja," aliniambia. "Chumvi yangu umeipeleka wapi?"

Simu ndiyo ilikuwa mgonjwa wa nyumba. Tuliiangalia kila mara kama inapumua. Naoga mlango ukiwa nusu wazi ili niisikie. Twiga akipiga kuniuliza kama wamepiga, namkaripia kwa kuziba njia, kisha baada ya muda mfupi nampigia mimi kumuuliza hivyohivyo. Na tukichoka kuulizana tunakwenda kusimama nje ya duka, eti tunapita tu. Mlinzi wa mlangoni ametuzoea. "Nyinyi ni wafanyakazi wa hapa kabisa," hutuambia. "Hamjaajiriwa tu."

Sasa sikiliza habari ya mama yako.

Jumatatu nilipanda juu ya paa kuanika nguo. Simu niliiacha ikichajiwa karibu na kiti cha Bibi, nikamwambia ikilia aniite. Ikalia. Bibi hakuniita. Aliipokea mwenyewe, na mazungumzo yao amenisimulia kwa fahari, mara kadhaa, bila kubadili neno.

"Shikamoo, bibi. Naomba kuzungumza na mjukuu wako."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Wewe ni nani katika watu wazuri?"

"Napiga kutoka dukani, kuhusu kazi."

"Aa, nanyi pia," Bibi akasema.

"Kwani kuna wengine?"

"Wengi. Simu hii haipoi. Sasa hivi yuko kwenye shughuli zake, na sisi hatuna haraka naye. Nendeni mkajadiliane vizuri, mkiwa mna nia ya kweli mtapiga tena." Akakata simu, akaendelea kuchambua mchele.

Nilipoteremka na beseni alinipokea kwa tabasamu. "Nimekupandisha thamani," akasema. "Wakijua unaitaka sana watakufanya mfagiaji."

"Bibi, nakubali kuwa mfagiaji."

"Ndiyo maana nimepokea mimi."

Sikumjibu vibaya, Shangazi. Nilijaribu kupiga ile namba. Ni ya ofisi, hutoa tu, haipokei. Nilivaa viatu huku nikitembea. Nikampitia Twiga, ambaye hakuwa amepigiwa, naye akaamini kwamba nafasi ilikuwa moja na ilikuwa yangu, akakimbia nami hata hivyo, na kwa tendo hilo namheshimu mpaka leo. Njiani nilipanga hotuba nzima ya kumtetea Bibi: umri wake, upendo wake, malezi ya zamani.

Mlinzi alitufungulia bila kuuliza. Bi Wiki Ijayo alikuwa kwenye meza yake nyuma ya maboksi, anakula ndizi.

"Aa, wewe," akasema. "Bibi yako amesema unagombaniwa."

"Sigombaniwi na mtu, mama. Nimekuja mwenyewe. Nipo tayari kuanza hata leo."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinitia baridi kabla hajafungua kinywa. "Kuanza nini, mwanangu? Nilikuwa nawapigia wote kuwaarifu kwamba uamuzi bado. Mwendelee kusubiri. Nilianza na wewe, na bibi yako akanichosha, nikaona wengine nitawapigia kesho."

Nilisimama pale na hotuba yangu. Nikamuuliza kama wapo waliokwisha kuajiriwa. Hakuna. Kama nafasi zimefutwa. Hazijafutwa. Nafasi zipo, watu wapo, rafu zimevurugika. Nilikuwa naziona kwa macho, makopo yamempa mteja kisogo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema ndiyo au hapana. "Si ubaya," alisema, na ninaamini alisema kweli. "Hatutaki kumpoteza mtu mzuri, wala hatutaki kukosea. Ndiyo maana tunawashikilia."

Tulitoka. Twiga alicheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa barabara. Mimi sikuweza kucheka. Lile neno "tunawashikilia" nilikwenda nalo njia nzima.

Nilipofika nyumbani nilitoa barua yako ya mwisho nikaisoma upya. Nilikuwa nimeisoma zamani kwa haraka, nikitafuta tu mahali jina langu lilipo. Safari hii nilifika kwenye mistari niliyoipita juu juu: kwamba binti wa jirani yako, aliyemaliza shule mwaka jana, huja kila asubuhi kabla ya mafundi, anafagia vipande vya vitambaa bila kuombwa, anauliza kama kiti cha cherehani ya pili kina mwenyewe. Kwamba anashona mikono ya gauni vizuri kwa mtu asiyefundishwa popote. Na kwamba wewe humwambia asubiri kidogo, mpaka Spika ajibu.

Shangazi, duka linanishikilia mimi, nami nimemshikilia yeye. Nilitaka kiti chako kibaki wazi ili nikikosa huku nipate pa kukimbilia. Niliona ni busara. Sikumfikiria kabisa mtu aliyesimama na ufagio.

Jibu langu basi ni hili: siji. Nakushukuru kuliko ninavyoweza kuandika, lakini mimi si mshonaji, nawe unajua, kwa kuwa ule mto niliokushonea ulikuwa na pembe tano. Nataka kazi ya dukani, ya kusimama na kuulizwa. Huenda nisiipate pale. Leo hiihii natoka na Twiga kwenda duka la rangi, la viatu na la vifaa vya umeme, na Bi Wiki Ijayo nitamwambia ana kwa ana kwamba anitoe kwenye orodha ya wanaosubiri au aniweke kwenye ya wanaoanza. Naogopa, sikufichi. Sina tena mlango wa nyuma. Lakini tangu niliposhika kalamu hii, ndiyo mara ya kwanza kwa muda mrefu nimeketi mahali pamoja mpaka nikamaliza jambo.

Kiti mpe binti wa jirani. Nakuomba usimpe kesho, wala baada ya kuwaza. Binamu yangu, acha kusoma kwanza, nenda ukamwite. Na kama ameshasimama hapo mlangoni, kwani Shangazi aliniandikia kwamba husimama hapo barua zinaposomwa, basi nitazungumza naye mwenyewe: dada yangu, samahani kwa kukuweka. Ingia. Kiti ni chako. Keti.

Mkishamkaribisha, pokeeni salamu zilizobaki. Mama anasema atakuandikia siku atakapolala usingizi wa kutosha. Twiga anakusalimu na kuulizia taa. Fundi viatu wa chini anauliza kama goti lako lingependa kiatu chenye kisigino kifupi. Bibi anakubariki wewe na wote walio chini ya paa lako, na ameniapia kwamba simu ikilia tena atasema neno moja tu, "Yupo", ingawa alipokuwa akiapa aliona vyema kuniuliza kama anaweza kuongeza salamu. Mungu akujalie goti jepesi, uzi usiokatika na nyumba yenye watu.

Wako akupendaye, aliyekwisha kuvaa viatu,

Spika