Sindano Juu ya Shaba

3 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi mzima kama chuma cha pua. Karakana hii bila mimi ingeshafungwa. Meneja hagusi chai kabla sijamweleza mashine zimeamkaje. Napima ulaini wa uso wa chuma: sindano yangu ya almasi inatambaa juu yake na kuandika kila kilima na kila bonde. Eti ninyi huko maabara mnapima ulaini kwa mwanga, bila kugusa? Hiyo si sawa na daktari kumtibu mgonjwa kupitia dirishani?

Nakutumia sahani ya shaba. Mteja karudisha ishirini, anasema zina mikwaruzo. Aliyeharibu ni dada wa msasa, yule anayezisugua hapa karakana, nimeshamwambia meneja. Tarehe 20 anaachishwa kazi. Wewe thibitisha tu.

Mjomba wako

9 Machi

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima. Mama anakusalimu, anauliza mashine zililala saa ngapi.

Mwanga ulinidanganya mara ya kwanza: sahani ilikuwa na mafuta, ukapima mafuta. Nikaifuta, nikarudia. Kazi ya dada wa msasa ni safi sana. Ila juu yake kuna mistari iliyonyooka, kila mmoja una urefu wa milimita nne kamili. Mkono wa mtu hauchori hivyo. Mjomba, sindano yako hutembea milimita ngapi?

Mpwa wako

12 Machi

Mpwa,

Salamu baadaye. Sindano hii ilipima vyuma kabla hujaota meno! Mwanga wako umekiri uongo, halafu niuamini?

Mjomba

16 Machi

Shikamoo Mjomba,

Kwenye chuma kigumu sindano yako inaushinda mwanga wangu. Lakini shaba ni laini, sindano inaikwaruza. Chukua sahani mpya, pitisha sindano mara moja, kisha igeuzegeuze dirishani uone mistari. Siku zimebaki nne.

Mpwa wako

20 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Hamjambo nyote? Dada wa msasa yupo kazini! Nilisimama mbele ya meneja nikasema, "Kosa ni la sindano yangu, na aliyeligundua ni mtoto wa dada yangu!" Karakana nzima sasa inakujua, hadi mlinzi. Dada akanicheka: "Mjomba, ikate kucha sindano yako!" Kuanzia leo shaba inapimwa kwa mwanga.

Ila usimwambie mama yako. Pale dirishani niligeuza sahani mpaka shingo ikauma, sikuona kitu. Dada akanivalisha miwani yake. Mikwaruzo kama ile niliyomshtakia, ndiyo kwanza nikaiona.

Mjomba wako